Kabla hujauza miwa kwa ajili ya gongo la Ulaya



Ukimwambia mtu wa Mombasa neno "magongo", fikira zake za kwanza ni matatu ya Changamwe. Leo sizungumzii mtaa huo. Nazungumzia mchezo wa magongo, ule ambao wengine huuita hoki, wa wachezaji kumi na mmoja kila upande na kijimpira kigumu kinachoweza kukuvunja jino. Na nitaanzia mbali na bahari, Butali, Kaunti ya Kakamega.

Dada yangu ameolewa huko, mwaka wa ishirini na ushei sasa. Mwezi wa Shaabani nilikwenda kumtazama. Butali iko kwenye barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, na huhitaji kuuliza umefika: utakutana na trekta zikivuta matela ya miwa, na upepo ukigeuka unapata harufu tamu nzito ya kiwandani. Maisha ya pale ni miwa. Ada ya shule ni miwa, harusi ni miwa, na deni la dukani hulipwa miwa ikishakatwa.

Usiku wa pili, baada ya Isha, mpwa wangu akaja kukaa karibu nami. Ana miaka 26. Aliwahi kucheza magongo ligi kuu, lakini kwa misimu miwili sasa hana timu.

"Mjomba, nataka nikuonyeshe kitu."

Akanipa simu. Mtu anayejiita wakala alikuwa amemwandikia kwamba klabu moja ya Ujerumani inamtaka. Mshahara euro 1,500 kwa mwezi, nyumba bure, tikiti ya ndege bure. Kilichobakia ni shilingi 180,000 za "kushughulikia viza", zitumwe kwa nambari ya simu kabla ya Ijumaa.

Nikamuuliza hizo pesa atazitoa wapi. Akanyamaza. Dada ndiye aliyejibu kutoka jikoni: "Kaka, tumeshaongea na jirani. Atakodi ekari mbili za miwa, misimu miwili."

Ekari mbili ndizo walizo nazo.

Nikawaomba siku tatu. Sikufanya hivyo kwa kuwa najua sana mambo ya Ulaya. Mwaka 2004 mimi mwenyewe nilimlipa wakala mmoja wa mjini kwetu anipeleke Ghuba kazini. Marehemu mama aliuza bangili zake mbili za dhahabu. Ndege sikupanda, na bangili hazikurudi. Basi nilichokipata katika siku zile tatu, na nilichokijua tangu zamani kwa kuwa nilicheza mchezo huu shuleni, nakiandika hapa. Vijana wenye ndoto hii wako Butali, na wako Mvita na Likoni pia.

Mchezo tuliokuwa nao

Kwanza tusidhani magongo ni mchezo wa kubahatisha kwa Mkenya. Kenya ilipeleka timu ya wanaume Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na ikarudi Rome 1960, Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972. Kule Tokyo tulimaliza nafasi ya sita. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo lililochezwa Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Tafuta mchezo mwingine wa timu ambao Kenya imefika hapo enzi zile. Majirani zetu nao walikuwemo: Uganda ilicheza Munich 1972, na Tanzania ikacheza Moscow 1980.

Timu ile ya Kenya ilijaa Masingasinga na Wagoa. Avtar Singh Sohal, nahodha wa miaka mingi, alicheza Olimpiki nne. Kisha ikaja mwaka 1967 na sheria mpya za uhamiaji na leseni za biashara, na Wahindi wengi wasiokuwa na uraia wa Kenya wakafunga mizigo. Wengine walikwenda Uingereza, wengine Kanada, wengine Australia. Miongoni mwao walikuwa wachezaji, na magongo yao wakaenda nayo. Kwa hivyo mchezaji wa Kenya kumalizia mchezo wake ng'ambo si jambo la leo.

Kilichotuangusha ni zaidi ya kuondoka kwa watu wale. Olimpiki ya Montreal ya 1976 ndiyo ya kwanza kuchezewa magongo kwenye nyasi za bandia. Mwaka huohuo Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka 1980 tukasusia tena Moscow. Kususia ubaguzi ilikuwa haki, sisemi vinginevyo. Lakini mchezo ulihama kutoka nyasi za ardhini kwenda zulia la plastiki, na sisi hatukuwa uwanjani ulipohama. Zulia hilo ni ghali, linataka maji na matunzo, na likichakaa sharti libadilishwe. Tulicheza tena Los Angeles 1984 na Seoul 1988, na tangu hapo wanaume wetu hawajarudi Olimpiki.

Kwa nini kijana wa Butali anatazama nje

Magharibi ya Kenya ndiko kwenye shamba la wachezaji. Shule kama Kamusinga, Musingu, St Anthony's ya Kitale na Misikhu ya wasichana zimekuza vijana wa magongo miaka nenda miaka rudi. Kiwanda cha Butali Sugar Mills nacho kimelipa jina timu la Butali Sugar Warriors, ambayo imechukua ubingwa wa ligi kuu ya wanaume zaidi ya mara moja, ikishindana na Polisi. Kwa mtoto anayechunga ng'ombe kandokando ya miwa, kusikia jina la kijiji chake likitajwa katika ubingwa wa taifa si jambo dogo.

Lakini ubingwa si mshahara. Ligi yetu si ya kulipwa kama watu wanavyodhani. Anayecheza Polisi ni askari, na mshahara wake ni wa uaskari. Anayecheza timu ya chuo ni mwanafunzi. Wengine hutegemea nauli na posho, na mfadhili akichoka timu hutetereka. Tumeona kwa akina dada: Telkom, waliochukua ubingwa wa vilabu vya Afrika mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka kwa haraka, walipoteza mfadhili na wakalazimika kubadilisha jina kuwa Blazers. Mabingwa wa Afrika, na bado wakaanza kutafuta wa kuwashika mkono. Hapa Pwani tunayajua hayo vizuri. Mombasa Sports Club na Mvita XI hubeba mchezo kwa mapenzi ya watu wao, si kwa pesa.

Basi kijana akifika miaka 25 au 26, shule imekwisha, timu ya taifa haikumwita, na nyumbani wanauliza utaoa lini. Hapo ndipo simu inapolia.

Huko nje kukoje

Ligi zenye nguvu zaidi Ulaya ni za Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani. Ligi kuu ya Uholanzi, Hoofdklasse, ndiko wanakokwenda Waajentina na Waaustralia waliokwisha kucheza Kombe la Dunia. India nako kuna ligi ya mnada, Hockey India League, iliyoanza 2013, ikasimama baada ya 2017, kisha ikafufuliwa. Katika mnada wa Oktoba 2024, nahodha wa India Harmanpreet Singh alinunuliwa kwa rupia laki 78. Vijana wakiona habari kama hiyo hudhani magongo ni kama mpira wa miguu. Hayafanani. Hiyo ni bei ya nyota wa timu ya taifa yenye medali za Olimpiki. Wachezaji wengi, hata Ulaya, wana kazi au masomo pembeni.

Ngazi ya chini ndiyo anayoweza kuifikia mchezaji wa ligi yetu. Huko klabu ni ya wanachama, kama klabu ya mtaa: wazazi wanalipa ada, watoto wanafunzwa jioni, wakubwa wanacheza wikendi. Mchezaji kutoka nje akipokewa, kawaida hupewa chumba, pengine tikiti, posho kidogo, na kazi ya kufundisha watoto. Anacheza Jumapili, Jumatatu anawafunza watoto wa miaka minane kushika gongo. Si vibaya hata kidogo. Ni kazi ya halali, na anayejua kufundisha hupata nafasi kuliko anayejua kufunga magoli tu. Lakini si euro 1,500 na nyumba bure kwa mtu ambaye klabu haijawahi kumwona akicheza.

Tena kuna misimu. Ulaya huanza Septemba na kumalizika karibu na Juni, katikati yake kukiwa na mapumziko ya baridi ambapo Wajerumani huhamia kucheza ukumbini. Australia huanza wakati Ulaya inakaribia kumaliza. Wako wanaoruka kutoka msimu huu hadi ule, lakini kila kuruka kunataka viza nyingine.

Mambo ya kushika kabla ya kutoa senti

La kwanza, iandikie klabu yenyewe. Usitumie anwani aliyokupa wakala. Tafuta tovuti ya klabu, chukua anwani iliyoko pale, uliza: je, mnanijua? Ni barua ya mistari mitatu.

La pili, pitia chama. Kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magongo, FIH, mchezaji anayekwenda kucheza nchi nyingine huhitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka chama cha nchi yake, kwetu ni Kenya Hockey Union. Wakala asiyeijua barua hiyo hajawahi kumpeleka mtu popote.

La tatu, viza. Viza ya matembezi si ya kucheza kwa malipo. Uingereza, kwa mfano, mchezaji wa kulipwa hutakiwa awe na kibali cha chama kinachosimamia mchezo huo kule, mbali na viza yenyewe. Ukikamatwa unafanya kazi kwa viza ya matembezi, unarudishwa, na mlango unafungwa kwa miaka. Ada ya viza hulipwa ubalozini au kwa kampuni iliyoteuliwa na ubalozi, nawe unapata risiti. Hailipwi kwa nambari ya simu ya mtu.

La nne, mkataba kwa maandishi: posho ngapi, nani analipa nyumba, nani analipa tikiti ya kurudi, na ukivunjika mguu nani anakutibu. Hilo la mguu ndilo vijana hulisahau. Mchezaji bila bima ni mzigo wa watu wa nyumbani.

La tano, akijiita wakala wa ajira, muulize nambari yake ya usajili kisha uiulizie kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ambayo ndiyo inayosajili mawakala hapa Kenya.

Na la mwisho, jitengeneze kabla ya kutafutwa. Rekodi mechi nzima, si magoli matatu yaliyokatwakatwa. Chukua cheti cha ukocha. Klabu za huko hutazama hayo.

Ya mpwa wangu

Siku ya kwanza tulikaa na simu yangu, tukaitafuta ile klabu. Ipo kweli, na wachezaji wake wapo na picha zao. Mpwa wangu akaandika barua kwa Kiingereza chake cha shule, mimi nikamrekebishia kidogo. Siku ya tatu jibu likaja. Walikuwa waungwana. Walisema hawamjui mtu huyo, hawana wakala Kenya, na hawamtozi mchezaji pesa. Wakamtakia heri.

Tukamrushia wakala jibu lile. Kwanza alisema klabu imekosea. Kisha akamwambia kijana hana imani wala shukrani. Kisha simu ikazimwa.

Mpwa wangu hakufurahi, na sitaki kuwadanganya. Alikaa nje peke yake hadi usiku mwingi. Mtu akinyang'anywa ndoto hakushukuru siku hiyohiyo, hata kama ndoto yenyewe ilikuwa ya uongo. Nilimfuata, nikamhadithia habari ya bangili za bibi yake. Hakuwa anaijua. Kwa miaka yote ile nilikuwa naona haya kuisema.

"Kwa hivyo hata wewe, mjomba?"

"Hata mimi, mwanangu."

Jirani alirudishiwa maneno yake, na miwa ya dada bado imesimama. Kijana sasa anafunza watoto wa shule ya msingi iliyo karibu, jioni, kwenye kiwanja kilichojaa vichuguu, huku akitafuta nafasi ya kozi ya ukocha. Ameandikia klabu nne kwa jina lake mwenyewe. Tatu hazijajibu. Moja imemwomba video ya mechi nzima, na anahangaika kuipata kwa wenzake wa zamani waliokuwa na simu nzuri.

Huenda akaenda, huenda asiende. Hilo analijua Mola. Lakini akienda, atakwenda kwa karatasi zake, na mama yake atabaki na shamba lake.

Wabillahi tawfiq.