Ubaguzi wa Rangi na Mizizi Yake (2): Nadharia Iliyopikwa Karagwe

Wiki iliyopita tuliona jinsi ubaguzi wa rangi ulivyoenea katika dunia ya leo. Tulimtaja mwanasoka Vinícius Júnior, aliyetukanwa kwa rangi yake uwanjani Valencia Mei 2023, na mahakama ya Hispania iliyowahukumu washabiki watatu kifungo cha miezi minane mwaka uliofuata. Tulimtaja pia Rais Kais Saied wa Tunisia, aliyedai Februari 2023 kwamba wahamiaji kutoka kusini mwa Sahara ni sehemu ya njama ya kubadili sura ya nchi yake. Baada ya kauli hiyo, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba za kupanga na kufukuzwa kazini.

Msomaji wa Kamuli, huku kwetu Kyerwa, anaweza kuuliza: hayo ni ya Wazungu na Waarabu, sisi wa migomba na kahawa yanatuhusu nini? Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Leo tunatafuta chanzo cha ubaguzi, na kwa kazi hiyo hatuna haja ya kusafiri mbali. Moja ya nadharia za rangi zilizoua watu wengi zaidi barani Afrika ilipata umbo lake katika ufalme wa Karagwe, ambao nchi yake leo imegawanyika katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa.

Mwishoni mwa Novemba 1861, Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant waliingia Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walikuwa wamesumbuliwa na kutozwa hongo njia nzima ya Uzinza na Usui. Huku wakampata Mfalme Rumanyika, mtu mpole na mdadisi, aliyewapokea vizuri na kuwauliza maswali mengi kuhusu dunia. Speke angeweza kuandika kwamba amekutana na mtawala mwerevu wa Kiafrika, yakaisha. Badala yake alianza kutafuta sababu ya Mwafrika kuwa mwerevu. Akatazama pua, macho na umbo la uso, akahitimisha kwamba damu ya watu hawa imetoka Uhabeshi. Akamweleza hivyo Rumanyika mwenyewe, na akajitolea kuwachukua wanawe wakasomeshwe Uingereza.

Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1863. Ndani yake mna sura nzima ya historia ya Wahima, yaani wafugaji wa kanda hii, na mwandishi anasema wazi kwamba anachokitoa ni nadharia yake: zamani taifa bora lilishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake, likawateka wakulima walio duni. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa sura za watu.

Ushahidi wa kuipinga nadharia hiyo alikuwa nao mbele ya macho. Rumanyika hakukaa kitini kwa sababu ya pua. Aligombea urithi na nduguye Rogero, mtoto wa baba mmoja naye, na akashinda kwa msaada wa wafanyabiashara waliotoka pwani na kuweka kituo Kafuro. Mambo hayo Speke aliyajua, na aliyaandika. Tena alimpima mmoja wa wanawake wa ukoo wa kifalme, ambao walinenepeshwa kwa kunyweshwa maziwa tangu wasichana, akaandika vipimo vyake kwa futi na inchi. Alijionea kwamba chakula kinaweza kuubadili mwili wa mtu kabisa. Lakini alipokuja kueleza tofauti ya mfugaji anayekulia maziwa na mkulima anayekulia ndizi, akasahau maziwa, akaleta damu.

Wafugaji na wakulima wa Karagwe walizungumza lugha moja, Kinyambo, na walikuwa chini ya mfalme mmoja. Kilichowatenganisha kilikuwa ng'ombe, ardhi na ukaribu na ikulu. Tofauti hizo zilikuwa za kweli, na mara nyingi zilikuwa za uonevu. Utaratibu wa nyarubanja, uliomfanya mkulima awe mpangaji katika shamba la bwana, uliendelea Kagera hadi ukafutwa kwa sheria miaka ya 1960. Ila ule ulikuwa utabaka, na utabaka hufutika kwa sheria. Mtu akishaambiwa kwamba unyonge wake umo katika damu, hakuna sheria anayoweza kuidai.

Dai kwamba ufundi uliletwa na wageni wa kaskazini nalo halisimami. Huko Katuruka, katika nchi ya Wahaya jirani zetu, mwanaakiolojia Peter Schmidt alifukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa takriban miaka 2,000. Wenyeji wa kanda hii walikuwa mafundi wa chuma karne nyingi kabla ya falme zile ambazo Speke alizihesabu kuwa kazi ya wageni.

Basi kwa nini hadithi isiyo na ushahidi ikapendwa hivyo? Ilipendwa kwa sababu ilikuwa na kazi. Ulaya ilikuwa imezoea kumdharau mtu mweusi kwa karne za biashara ya utumwa, na dharau hiyo ilishatafutiwa hata aya za Biblia kuhusu kizazi cha Hamu. Ikawa kila walipokuta dola iliyopangika Afrika, ilibidi aonekane mgeni aliyeijenga. Mwaka 1930 msomi C. G. Seligman wa Uingereza aliiandika nadharia hiyo kama sayansi katika kitabu kilichosomeshwa vyuoni kwa miaka mingi. Kwa mtawala wa kikoloni faida ilikuwa mbili: akiwatawala Waafrika anafuata mila ya kale ya watu bora kutawala duni, na akichagua kundi moja limsaidie, anaonekana kalichagua kwa elimu.

Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, Wabelgiji waliigeuza nadharia kuwa karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 waliwahesabu watu na kuwapa vitambulisho vilivyoonyesha nani Mtutsi, nani Mhutu, nani Mtwa. Zamani mtu aliyepata au kupoteza mali aliweza kuhama kundi. Sasa mlango ukafungwa, mtoto akarithi neno lililoandikwa kwenye karatasi ya baba. Watutsi ndio waliopewa shule na uchifu. Walio wengi wakabaki nje. Ilipofika 1959, waliodharauliwa walipopindua mambo, hawakuitupa hadithi ya Speke. Waliigeuza tu: kama ninyi ni wageni kutoka Uhabeshi, basi nchi si yenu.

Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara huko Kabaya kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mkato, nayo ni mto Nyabarongo. Mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha kwa hotuba hiyo mwaka 2016. Nyabarongo humwaga maji yake katika mto Kagera, unaopita Rusumo na kufuata mpaka wa Karagwe na Kyerwa kabla ya kwenda Ziwa Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, mto huo ulibeba maelfu ya maiti hadi ziwani, na wananchi wa Uganda wakawa ndio wa kuzizika. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban siku moja, na Karagwe nayo ikapokea kambi zake. Hadithi iliyotungwa kutokana na pua za watu wa Bweranyange, makao ya Rumanyika, ilikuwa imezunguka Ulaya, ikapita Kigali, ikarudi kwetu ndani ya maji.

Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha kwa ajili ya mauaji hayo ya Rwanda ilipomhukumu meya Jean-Paul Akayesu, Septemba 1998, ilikabiliwa na swali gumu: Watutsi ni kabila gani, ikiwa lugha na utamaduni wao ni ule ule wa Wahutu? Sehemu ya ushahidi uliotegemewa ilikuwa vitambulisho vile. Serikali iliyaandika makundi kwenye karatasi hadi watu wakayaamini, na wakauana kwa kuyaamini.

Hapa ndipo tunapouona mzizi. Wengi husema watu hubaguana kwa sababu wanatofautiana. Historia ya kwetu inaonyesha kinyume chake: kwanza panakuwepo kitu cha kugombea, iwe ardhi, cheo, ajira au malisho. Kisha hutafutwa tofauti ya kumtoa mwenzako katika hesabu. Msomi huipa tofauti hiyo jina, serikali huiandika, mwanasiasa huipigia kelele siku ya njaa au ya uchaguzi, na mzazi humalizia kazi anapomrithisha mtoto. Sayansi haiwasaidii. Mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kinasaba kati ya wanadamu zimo ndani ya jamii moja moja. Kinachozitenga jamii ni sehemu ndogo iliyobaki.

Nasi tusijitoe. Mwaka 2013 serikali iliamuru wahamiaji haramu waondoke Kagera, Kigoma na Geita, ikafuata Operesheni Kimbunga. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, na ujambazi wa wakati ule haukuwa hadithi. Lakini mashirika ya haki za binadamu yaliripoti kwamba miongoni mwa maelfu waliovushwa mpaka walikuwemo waliozaliwa hapa, waliooa hapa, hata wenye karatasi za uraia. Hadi leo mtu mrefu mwenye ng'ombe akigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, neno la kwanza kumtupia ni kwamba yeye ni Mnyarwanda. Tunamcheka Speke aliyesoma historia kwenye pua, nasi tunasoma uraia hapo hapo. Nyani haoni kundule.

Oktoba 1961, walipotokea wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa rangi, Mwalimu Nyerere aliwaambia yuko tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Alijua kwamba anayeanza kwa kumtoa Mzungu na Mhindi hatakosa wa kumtoa baada yao. Katiba yetu, katika ibara ya 13, imekataza kumbagua mtu kwa kabila lake, rangi yake au alikotoka. Katazo hilo litafanya kazi tu likifika kwenye mkutano wa kijiji. Siku atakaposimama mtu na kusema kwamba ukoo fulani si wa hapa, mwenyekiti amuulize mambo mawili mbele ya wote: ushahidi wako ni upi, na wakiondoka shamba lao litachukuliwa na nani?

Wiki ijayo: yanayofundishwa shuleni kuhusu makabila, na yanayofundishwa nyumbani. Itaendelea.