Zingifuri: Neno, Mti na Wino wa Nyangwe

Mzingifuri (Bixa orellana) ni mti mdogo wa asili ya nchi za joto za Amerika, ukiwemo ukanda wa misitu ya mvua ya Amazon. Matunda yake yenye miiba laini hupasuka yakauke, yakaonyesha mbegu zilizofunikwa na utando mwekundu. Rangi hiyo hutumika viwandani kutia rangi siagi na jibini.

Ajabu ni kwamba jina lake la Kiswahili lina umri mkubwa kuliko safari ya mti wenyewe. Katika Kiarabu, zunjufr, neno lenye asili ya Kiajemi, ni madini mekundu ya zebaki yaliyotumiwa na waandishi na wachoraji. Mti ulipovuka bahari, rangi ya mbegu zake ilirithi jina la madini hayo. Kiswahili kikavunja mfuatano wa konsonanti kwa irabu na kuongeza irabu mwishoni: zingifuri. Sauti g mahali pa j haishangazi, kwani lahaja kadhaa za Oman hutamka hivyo, na Kiajemi chenyewe kina g katika neno hili. Kisha ngeli ikakamilisha kazi: mzingifuri ni mti, zingifuri ni zao lake, kama mkarafuu na karafuu.

Neno hili lilifika Maniema pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani. David Livingstone, aliyekaa Kabambare na kuingia Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, aliishiwa wino na karatasi. Alitengeneza wino kwa mbegu ambazo, aliandika, Waarabu waliziita kwa jina hilo, na Wamanyema walizitumia kutia rangi nguo zao na kupamba nyuso na vichwa. Tahajia yake ni ya kigeni, lakini neno latambulika. Kwa mwanaisimu, huo ni ushahidi wenye thamani: msamiati wa pwani ukitumika kandokando ya Lualaba, katika eneo ambalo Kingwana kilikuwa kikistawi.

Kwa wino huo, juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, aliandika habari za tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa misafara walipofyatua risasi katika soko la Nyangwe, lililojaa wanawake. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 1874 yalitokana na nakala aliyoiandika upya baadaye.

Wino wa mbegu ulififia hata maandishi ya awali yakawa hayasomeki kwa macho. Ilipofika mwaka 2011 watafiti, kwa kupiga picha chini ya mianga ya aina mbalimbali, waliyatenganisha na chapa ya gazeti. Ilidhihirika kwamba Livingstone alikuwa amehariri ushahidi wake, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.