Masikio ni Amana: Tuyalinde Shambani

Wamo miongoni mwetu wazee wasioisikia tena adhana ya alfajiri, ilhali msikiti ni jirani. Nyumbani twadhani wametupuuza, kumbe husikia sauti bila ya kuyapambanua maneno, na sauti nyembamba za wajukuu ndizo huwapotea mapema. Twasema ni uzee. Lakini kwa baadhi yao uziwi huo ulianza ujanani, kazini.

Kazi za shamba hapa Kwale zimebadilika. Minazi mizee iliyoangushwa kwa shoka sasa hukatwa kwa msumeno wa injini; mashamba ya miwa ya Ramisi hulimwa kwa trekta; mashine za kusaga unga hunguruma vijijini. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndiyo mwisho wa salama, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo hupungua nusu. Msumeno wa injini hufikia desibeli 110: kwa hesabu hiyo, hata dakika 2 hazitimii. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 nazo zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi kiwango sawa na desibeli 90 kwa saa 8 kwa siku.

Ndani ya kila sikio mna chembe zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vya kupokelea sauti. Kelele huziua bila ya maumivu, na zikifa hazioti tena. Mvumo masikioni baada ya kazi ni onyo.

Kuitambua kelele hiyo hakuhitaji chombo. Simameni wawili kwa umbali wa kunyoosha mkono. Mkilazimika kupaza sauti ili msikizane, kelele hiyo yadhuru. Hapo yafaa viziba masikio vya sponji: kisokote kiwe chembamba, livute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kitie, kisha ukishikilie hadi kijae. Pamba na vitambaa havitoshi. Mwenye mashine atengeneze ekzosi iliyotoboka, wafanyakazi wapokezane zamu, na watoto waliotumwa kusaga wangoje mbali. Kibarua naye asione haya kumwomba mwajiri kinga.

Sura ya Al-Israa, aya ya 36, yatukumbusha kwamba tutaulizwa juu ya masikio, macho na nyoyo zetu. Basi kijana anapotoka asubuhi na msumeno begani, tumkumbushe viziba masikio kama tumkumbushavyo maji ya kunywa, ili naye akizeeka, inshallah, aisikie adhana.