Unabeti farasi wa kwenye skrini? Piga hesabu hii kwanza

Njombe na Makambako hakuna uwanja wa mbio za farasi. Uwanja unaojulikana zaidi Afrika Mashariki uko Ngong, Nairobi. Hata hivyo, mwenye simu anaweza kubeti farasi saa yoyote, kwa sababu baadhi ya kampuni za kubeti huonyesha mbio za kompyuta zinazoanza kila baada ya dakika chache.

Wengi huzichezea kama mbio za kweli: wanaangalia nani kashinda mara ya mwisho, kisha wanasema "sasa ni zamu ya namba nne". Hapo ndipo hela inapoyeyuka.

Farasi wa kweli ana rekodi
Kwenye mbio halisi kuna cha kusoma: farasi alimaliza nafasi ya ngapi mbio zilizopita, umbali anaouweza, hali ya uwanja, mpanda farasi ni nani na uzito anaobeba. Zipo mbio ambazo farasi mwenye uwezo hubebeshwa uzito zaidi ili wenzake nao wapate nafasi. Anayebeti kwa nidhamu hulinganisha hayo yote na odds. Odds za 4.00 maana yake farasi anatakiwa kushinda angalau mara 1 katika 4 ili usipate hasara. Kama haoni sababu ya kuamini hivyo, anaacha.

Wa kwenye skrini hana
Mshindi huchaguliwa na programu kwa bahati nasibu. Hachoki, habebi uzito, na mbio iliyopita haimhusu. Hakuna zamu.

Chukua mfano wa farasi 6 wenye nafasi sawa, kila mmoja odds 5.00. Ukiweka Sh1,000 kwa kila farasi, umetoa Sh6,000. Lazima mmoja ashinde, unalipwa Sh5,000. Umepoteza Sh1,000 na hujakosea popote. Hiyo ndiyo sehemu ya kampuni, na haiondoki hata ukibadilisha farasi kila siku.

Kudabo dau ni mtego
Wapo wanaosema ukiliwa, dabo dau mpaka ushinde. Anza na Sh1,000, kisha 2,000, 4,000, 8,000, 16,000 na 32,000. Ukiliwa mara 6 mfululizo, Sh63,000 zimekwenda. Kwenye mfano huo wa farasi 6, kuliwa mara 6 mfululizo hutokea takriban mara 1 katika kila majaribio 3. Kwa bodaboda wa Makambako hiyo ni hesabu ya bosi ya siku kadhaa. Kwa mkulima wa viazi Njombe ni hela ya mbolea.

Nidhamu ni ipi basi?
• Tenga kiasi cha mwezi ambacho kikipotea, nyumbani hakuna atakayelala njaa. Kikiisha, umemaliza.
• Usiongeze dau kufukuzia hela iliyoliwa.
• Usibeti kwa mkopo wa simu, ada ya shule wala hela ya mtu.
• Andika kila dau, lililoliwa na lililolipa. Mwisho wa mwezi jumlisha.
• Cheza kwa kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania tu. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi.

Kwenye farasi wa kompyuta, nidhamu haikupi ushindi. Inapunguza tu kiasi utakachopoteza. Ukiona unaficha simu ili mwenzako asione umebeti ngapi, futa programu hiyo leo na umwambie mtu unayemwamini.