Nyama ya Pori Haipandi Ndege

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka)

Leo tunazungumza juu ya mzigo wa msafiri wa ndege.

Wengi wetu tuna ndugu Ulaya, Kanada ama Marekani. Wakisikia kuna mtu anasafiri, ombi ni lile lile: nyama ya pori iliyokaushwa, hata kipande kimoja, waonje ladha ya nyumbani. Mama anaifunga vizuri katikati ya vitenge. Upendo huo tunauelewa. Lakini tuelezane ukweli kabla valizi haijafungwa.

Januari 2024, msafiri mmoja aliyetoka Kongo alipitia Paris, akashuka Boston, Marekani. Mbwa wa forodha akanusa mzigo wake. Msafiri akasema ni samaki wakavu. Kumbe ilikuwa miili minne ya nyani waliokaushwa. Mzigo wote, karibu kilo 4, ukachukuliwa ili uharibiwe. Yeye hakushtakiwa, lakini faini ya kuingiza nyama ya pori Marekani inaweza kufika dola 250,000.

Usidhani huyo yuko peke yake. Juni 2008, watafiti walikagua abiria 134 waliofika Paris kutoka nchi 14 za Afrika. Kwa siku 17 walikuta kilo 188 za nyama ya pori: nyani, kakakuona, ndezi, hata mamba. Walikadiria kwamba tani 5 hivi zilikuwa zinaingia kila wiki kwa njia hiyo.

(Muziki mfupi)

Kwa nini wanakataza? Kwanza ni afya. Ebola, iliyojulikana mara ya kwanza mwaka 1976 kule Yambuku, inaweza kumpata mtu anayegusa damu au nyama mbichi ya mnyama mgonjwa. Aliye hatarini zaidi ni yule anayewinda na kuchinja, huku kwetu. Lakini moshi, chumvi na jua haviui kila kijidudu, na ofisa wa uwanja wa ndege hawezi kujua kwa macho kipande kipi ni salama. Kwa hiyo anachukua chote.

Pili ni wanyama wenyewe. Hapa Nyungwe, tembo wa mwisho aliuawa na majangili mwaka 1999. Watoto wetu wanamjua kwa picha tu. Mkataba wa kimataifa unaoitwa CITES umeorodhesha wanyama ambao hawavushwi mpaka bila kibali. Kakakuona yuko kwenye daraja la ulinzi mkali kabisa. Na nyama iliyowindwa ndani ya Nyungwe au Kahuzi-Biega ni kosa hata kabla haijafika uwanja wa Kamembe.

Tatu, Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama kutoka nchi zetu, hata ya mbuzi au kuku.

Sasa ufanye nini? Usibebe mzigo wa mtu usiouona ndani. Shangazi akikuletea kifurushi kimeshafungwa, mwombe kwa heshima mkifungue pamoja. Begi lenye jina lako ni lako. Ukiwa mkimbizi unayeanza maisha mapya ugenini, hutaki jina lako liandikwe forodha siku ya kwanza.

Ukigundua njiani kwamba unayo nyama, usiseme ni samaki. Itangaze kwenye fomu, mwambie ofisa kabla hajafungua. Nyama itachukuliwa, na mara nyingi inaishia hapo. Anayeficha ndiye anayepigwa faini.

Kama safari yako inapangwa na IOM, uliza mafunzoni kuhusu kila chakula, hata sambaza. Kila nchi ina sheria yake.

Zawadi hazijaisha. Kitenge, kikapu, picha za familia, sauti ya bibi iliyorekodiwa kwenye simu: hivyo vinapita, na vinadumu kuliko nyama.

Mwambieni na jirani ambaye hakutusikia. Tukutane kipindi kijacho.

(Muziki wa kufunga)