Laini ikikwaruza Busia, rekodi huonyesha kosa liko upande gani

Magunia sitini au tisini? Kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Dabani, nje kidogo ya mji wa Busia upande wa Uganda, maneno hayo mawili yakisikika vibaya kwenye simu yanatosha kuharibu kazi ya wiki nzima. Lori litavuka na mzigo pungufu, au mnunuzi wa Kenya atakataa kulipia magunia thelathini ambayo hakuyaagiza.

Kosa hilo lina sababu. Simu ya kawaida hubeba sehemu tu ya sauti ya binadamu, takriban hezi 300 hadi 3,400. Mvumo mkali wa herufi "s" uko juu zaidi ya hapo, hivyo mwingi hupotea njiani. Mwanzo wa neno ukimezwa na laini mbovu, kinachobaki ni "tini" na "sini", na hakuna sikio linaloweza kuapa ni lipi.

Gharama si kilio kikubwa kama zamani. Mpango wa mtandao mmoja, ambao Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuutekeleza mwaka 2014 na 2015, ulishusha bei ya simu za kuvuka mpaka. Ubora wa sauti ni jambo jingine. Karibu na mpaka, simu iliyo Uganda inaweza kudaka mnara wa Kenya, ikaachia, kisha ikadaka tena. Kwa hiyo mwenye simu ya mkononi aanze kwa kutazama jina la mtandao lililo kwenye kioo.

Kwa mawakala wa forodha na wenye maghala, shida ni ngumu zaidi. Ofisi yenye wafanyakazi kadhaa huweza kuwa na laini nyingi zinazoingia kwenye kompyuta moja yenye kadi za simu. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, na hutolewa bure. Laini moja ya kidijitali ya aina ya E1 hubeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja, kila moja kwenye chaneli yake. Ndiyo maana simu ya saa tatu inaweza kuwa safi na ya saa nne ikakwaruza: zimepita chaneli tofauti.

Mteja akilalamika, Busia ya Uganda huilaumu Kenya, na Kenya huirudishia Uganda lawama. Jibu la "mtandao unasumbua" limezoeleka mno, na halimrudishii mtu fedha yake.

Fundi mzuri habahatishi. Katika mitambo ya Asterisk yenye kadi za simu, kuna kifaa cha programu kiitwacho dahdi_monitor, kinachochukua sauti kwenye chaneli ya kadi yenyewe, pale laini inapoingilia ofisini. Fundi hutaja namba ya chaneli, kisha hurekodi sauti inayoingia kwenye faili moja na inayotoka kwenye faili nyingine. Kutenganisha huko ndiko kwenye faida. Sauti inayoingia ikiwa safi kwenye rekodi lakini karani anasikia mikwaruzo, kosa liko ndani ya ofisi: waya, kifaa cha masikioni au mipangilio. Ikiwa imeingia tayari imekatika, tatizo liko nje, na kampuni iliyouza laini inapewa ushahidi badala ya malalamiko.

Mwangwi ndio unaowadanganya wengi. Anayesikia sauti yake ikimrudia huilaumu simu yake, kumbe mara nyingi chanzo kiko upande wa pili, ambako spika imefunguliwa sana na kinasa sauti kinaidaka, au waya za analogia hazilingani vizuri na mtambo. Wa Dabani akijisikia mara mbili, amwombe kwanza aliye Kisumu apunguze sauti ya simu yake.

Dakika moja ya rekodi ya upande mmoja hukaribia megabaiti moja tu, hivyo si mzigo kuituma. Itumwe faili yenyewe, pamoja na saa na namba ya chaneli. Kuiweka simu nyingine karibu na spika na kurekodi upya huongeza kelele ambazo hazikuwa kwenye laini.

Hata hivyo, kifaa hicho hakichagui. Kinanasa bei ya siri, jina la mteja na hata namba ya siri ya pesa za simu ikitamkwa. Uganda na Kenya zote zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Uganda ina sheria ya mwaka 2010 inayobana udukuzi wa mawasiliano. Njia salama ni simu ya majaribio: wafanyakazi wawili, mmoja Busia na mwingine ng'ambo, wakubaliane kurekodiwa, wahesabiane sitini, sabini, tisini, fundi asikilize, kisha faili zifutwe laini ikishatengemaa.

Hadi hapo, oda yoyote ya simu ifuatwe na ujumbe mfupi wenye idadi kwa tarakimu, na useme wazi kama ni shilingi ya Kenya au ya Uganda.