Unga wa mbao kwenye barza: si mchwa, ni nyuki

Mwezi wa kumi, mbele ya mvua ya kwanza, upepo ulipita katika kambi moja ya Kipushi na kuangusha barza ya mama mmoja. Nguzo ya kati ilivunjika, malata mawili yakainama mpaka chini. Batoto walikuwa kwenye masomo, basi hakuna aliyeumia. Tulifika kesho yake. Nguzo ilikuwa ya kaliptusi, nene kama paja la mtu, na kwa nje ilionekana nzuri tu. Ndani ilikuwa wazi sawa bomba.

«Papa, miaka mbili tunamwanga dawa ya mchwa paka pale chini,» mama alituambia. «Makuta yetu yote ilienda mule. Na unga wa mbao unaanguka kila siku.»

Tuliinua kile kipande na kutafuta udongo. Mchwa anapopanda juu ya mti anatembea ndani ya njia yake ya udongo, na mule anamokula anaacha udongo. Hapa hapakuwa na udongo hata kidogo. Kulikuwa na matundu matano, duara kabisa, kila moja linaingiza ncha ya kidole, kama mtu alitoboa kwa mashine. Chini ya matundu, michirizi ya rangi ya manjano na kahawia ilishuka kwenye mti. Ile ni mavi ya nyuki. Mama alimwanga dawa chini ya nguzo miaka miwili, na mwenye kuharibu alikuwa anaingilia juu.

Tunamjua wote: nyuki mkubwa, mweusi, mara nyingi na mshipi wa manjano au mweupe mgongoni, anayepita na sauti nzito mbele ya nyumba wakati wa jua. Hakai katika kundi kubwa kama nyuki wa asali. Jike anatoboa kwa meno yake, na mbao haili. Anatupa unga nje. Watu wa mgodi wataelewa upesi kazi yake. Anaingia kwanza kidogo tu, kisha anakata kona na kufuata urefu wa mti, sawa mtu anayeshuka shimo na kufungua galeri. Ndani ya galeri anaweka donge la chavua ya maua na maji matamu yake, anataga yai moja juu yake, anajenga ukuta wa unga wa mbao, anaanza chumba kingine. Galeri ya kwanza inaweza kuwa ya sentimita 10 au 15. Tundu moja halitaangusha barza ya mtu. Ubaya unakuja juu binti zake wanapenda kurudi mahali walipozaliwa: wanarefusha ile galeri ya mama yao, wanafungua ingine kando, na mvua inaingia katika matundu. Mti unaoza polepole, na wewe unaendelea kutundika kamba ya nguo pale pale.

Zamani katika kambi nyingi fundi wa kampuni alipita, akabadilisha mbao, akatia rangi. Leo nyumba mingi ni ya mwenyewe, na mbao yake pia. Kwa hiyo tunasema: kabla ya mvua kuanza, kamata nyundo na uzunguke nyumba. Aliyefanya kazi chini ya ardhi anajua namna ya kugonga mwamba kwa bare na kusikiliza: mzima unalia, uliolegea unajibu kama ngoma. Mbao ni vile vile. Gonga nguzo za barza, mbao ya ukingo wa paa, fremu ya mlango, nyumba ya kuku. Tena inama, angalia kwa chini na kwa nyuma, juu nyuki anapenda kuanzia upande ambao macho ya watu hayafiki. Nguzo ikijibu kama ngoma, usiitoe mbele ya kuegemeza paa kwa mti mwingine wenye nguvu.

Sasa, wengi wakiona tundu wanakimbilia udongo au sementi na kuziba mara moja. Haifai. Aliyefungiwa ndani ana meno. Atatoboa kwingine, na utakuwa na matundu mawili. Jioni, weka karatasi laini mlangoni mwa tundu bila kuibana. Kesho ikiwa imesukumwa nje, mwenye nyumba yupo. Ngoja, rudia tena siku nyingine. Ikikaa pale pale siku kadhaa, na unga mpya hauanguki, ingiza kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, kata kinachozidi, pakaa juu yake unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Halafu rangi. Rangi ya mafuta, mara mbili, pande zote, hata ncha zilizokatwa na msumeno. Chokaa peke yake haimzuii. Mbao kavu isiyo na rangi, laini, iliyopigwa na jua miaka, njo ile anayotafuta. Mianzi pia: ukijenga nayo, ziba ncha zake.

Tumeona katika kambi watu wanaopakaa mafuta machafu ya motere. Inasaidia kwa muda, ni kweli. Lakini inanuka, inadondoka juu ya mboga na kuku, inashika moto upesi, na siku utakayopata rangi haitashika juu yake. Na kumwanga petroli ndani ya tundu na kuwasha kiberiti, hapo hatuna maneno mawili: usifanye. Paa lako ni la mbao.

Juu ya kuumwa, dume hana mwiba, hata akisimama hewani mbele ya uso wako na kukutisha. Jike anao, lakini anautumia akishikwa mkononi. Mukataze batoto kuingiza kidole katika matundu. Kama kutoka tundu moja chini ya malata wanatoka nyuki wadogo makumi kwa makumi, wale ni wa asali, jambo lingine kabisa. Usiwaguse, ita mtu anayewajua.

Hatusemi kuwaua wote. Mwenye maracuja ya manjano anawahitaji: ua lile ni kubwa, nyuki wa asali anaiba chavua bila kugusa pale panapofaa, na huyu mweusi anapita na mgongo wake na kulipaka vizuri. Bila yeye unabaki na maua mengi na matunda machache. Basi umpe mti wake mwenyewe, mbali na nyumba.

Mama wa Kipushi alifanya vile. Mtoto wa dada yake alisimamisha nguzo mpya, akaipaka rangi mbele ya kuisimamisha, ndiyo maana hata kichwa chake chini ya malata kimepata. Vipande vya ile ya zamani vimelala nyuma ya choo, karibu na maracuja. Rangi iliyobaki katika kopo ilitosha mlango wa kuku.